Tairi kubwa, ekseli ile ile: Usajili unaoweza kuzima gari porini

SHABIKI wa Simba au Yanga hafundishwi kuhusu usajili. Anajua klabu ikishusha straika wa maana halafu pale kati wakabaki viungo wale wale waliochoka, mechi tatu za kwanza mabao yatakuja, ya nne timu inapasuka. Straika hana kosa. Mzigo umeongezwa mbele, wanaoubeba nyuma hawakuguswa.

Kwenye mchezo wa magari ya porini stori ni hiyo hiyo, ila majina yamebadilika. Straika anaitwa tairi kubwa. Kiungo aliyechoka anaitwa ekseli ya kiwandani, ile iliyokuja na gari. Na uwanja ambao ndoa ya hawa wawili hupimwa kila mwaka bila kuoneana haya ni Rhino Charge ya nchini Kenya.

MCHEZO WENYEWE UKOJE

Wengi wanaifahamu Safari Rally, ambayo mwaka 2021 ilirudi kwenye kalenda ya dunia. Ile ni mbio: anayewahi ndiye anayeshinda. Rhino Charge ni kitu kingine kabisa. Kule hakuna barabara, na anayekimbia sana hapati zawadi.

Kila timu inapewa vituo 13 vya kutembelea ndani ya masaa 10. Vituo vimetawanywa kwenye milima, makorongo na vichaka vya miiba. Mshindi ni yule aliyefika kwenye vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo kila timu inataka kukata moja kwa moja: badala ya kuzunguka korongo, inashuka nalo na kupanda ng'ambo ya pili. Mbele ya gari wapo wakimbiaji, watu wa miguu hasa, wanaotafuta wapi pa kupita na kuwaelekeza wenzao.

Mashindano haya yalianza mwaka 1989, na nyuma yake kuna kazi nzito. Timu zinachangisha fedha kwa ajili ya taasisi ya Rhino Ark, iliyoanzishwa mwaka 1988 wakati faru weusi wa Aberdare walipokuwa wanamalizwa na majangili. Fedha hizo zilisaidia kujenga uzio wa umeme kuzunguka safu hiyo ya milima. Uzio ulikamilika mwaka 2009, urefu wake ukiwa karibu kilomita 400, na baadaye nguvu zikaelekezwa pia kwenye msitu wa Eburu na Mlima Kenya.

Ndiyo maana timu inayokwama kituo cha tisa haiumii kwa sababu ya kombe tu. Imechangisha kwa miezi, imewaahidi wafadhili, na jina lao limebandikwa ubavuni mwa gari. Fedha za msitu zipo salama, lakini kurudi kambini ukiwa umefungwa kamba nyuma ya gari la mwenzako ni kipigo ambacho hakisahauliki.

KWANINI KILA MTU ANATAKA TAIRI KUBWA

Chukua mfano wa timu yenye Land Rover Defender 110, moja ya magari yaliyozoeleka sana kwenye vumbi la Afrika Mashariki. Gari kama hilo limezoea kutembea na tairi la 7.50R16 au 235/85R16. Yote mawili yana kimo cha karibu milimita 806, yaani inchi 32 kasoro kidogo. Watu wa Land Cruiser pick-up wanalijua vizuri hilo la 7.50R16, kwa sababu ndilo limebeba mizigo na watalii miaka nenda rudi.

Sasa timu inataka kuweka tairi la inchi 35. Sababu ni rahisi. Gari la ekseli nzima, lisilo na miguu inayojitegemea, lina goroko moja pale chini katikati: difu. Hilo ndilo linalogonga jiwe kwanza. Na hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Wanadhani wakiweka springi ndefu watakuwa wameinua difu. Wapi! Springi inainua bodi, inainua injini, inamwinua hata dereva. Difu linabaki pale pale lilipokuwa, kwa sababu limekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye tairi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake.

Lakini piga hesabu. Tairi la inchi 35 lina kimo cha milimita 889. Tofauti na la kiwandani ni milimita 83. Ekseli inakaa katikati ya tairi, hivyo inapanda nusu ya hapo: sentimita nne na kidogo. Hiyo ndiyo faida yote ya kimo. Porini sentimita nne si kitu kidogo, inaweza kuwa tofauti ya kupita na kulalia tumbo. Ila mwenye kuzinunua lazima ajue anazilipia wapi.

Zipo faida nyingine pia. Tairi kubwa linavuka mtaro na kupanda jiwe bila kugonga kwa ukali, na linakanyaga eneo kubwa zaidi kwenye mchanga. Hayo ni mabao ya mechi tatu za kwanza.

TAIRI NI KIATU, EKSELI NI GOTI

Ndani ya ekseli kuna fimbo za chuma zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Mafundi wanaziita hafu shafti. Kazi yao ni kupeleka mzunguko wa injini kwenye tairi, na zinapinda kama kamba inayosokotwa kila dereva anapokanyaga mafuta.

Fikiria spana. Mpini ukiwa mrefu, nati inapata nguvu kubwa zaidi. Kwenye gari, tairi ndilo mpini, nati ni hafu shafti, na mkono ulioshika mpini ni ardhi. Tairi likiwa limeshika mwamba vizuri halitaki kuteleza, shafti inabeba nguvu yote mpaka tairi likubali kuzunguka au kitu kivunjike. Ukitoka tairi la milimita 806 kwenda 889, mpini umerefuka kwa asilimia 10. Ukienda inchi 37, ni karibu asilimia 17. Na hapo bado hujahesabu uzito wa tairi lenyewe, ambao nao unapanda.

Asilimia 10 inasikika ndogo. Tatizo ni kwamba hafu shafti haivunjwi na mwendo wa kawaida, inavunjwa na mshtuko. Gari linaruka kidogo kwenye jiwe, tairi linabaki hewani likizunguka kwa kasi, dereva hajatoa mguu kwenye mafuta, halafu tairi linatua ghafla kwenye mwamba mkavu. Ule mzunguko wote unasimama kwa mara moja. Tairi zito lenye kimo kirefu linasimama kwa nguvu kubwa kuliko dogo, na pigo lote linaishia kwenye fimbo ile ile ya kiwandani.

Ni kama winga aliyeruka na kutua na mguu mmoja huku kiatu kimeng'ang'ania kwenye nyasi. Kiatu kipo salama. Goti ndilo linalotoka kwa machela.

DIFU LOKI: MPIRA WOTE KWA MTU MMOJA

Difu la kawaida lina tabia ya kugawa nguvu sawa kwa sawa kulia na kushoto. Gurudumu moja likiwa hewani halina cha kushika, nalo la upande wa pili linapata kidogo hicho hicho. Gari linasimama, tairi moja linazunguka bure, dereva anasonya. Inaudhi, lakini shafti ipo salama.

Ndiyo maana timu za Rhino Charge zinaweka difu loki, kifaa kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Gari linapanda mahali ambapo lingekwama. Ila sasa nguvu yote ya ekseli inaweza kwenda kwa gurudumu moja lililoshika ardhi, na shafti moja inabeba mzigo wa mbili. Ni kocha anayeagiza mipira yote ipite kwa mchezaji mmoja. Akiwa fiti mnashinda. Akiumia, mmekwisha.

Tairi kubwa pekee, ekseli ya kiwandani inaweza kuvumilia. Difu loki pekee, inaweza kuvumilia. Vikija vyote viwili, na mguu wa dereva ukiwa mzito, ndipo mlio wa "tak!" unaposikika.

Ekseli ya mbele ina udhaifu wake wa ziada, kwa sababu inavuta na kukata kona kwa wakati mmoja. Kule mwisho kuna jointi ya CV, inayoruhusu gurudumu kugeuka huku likiendelea kuvuta. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, jointi inafanya kazi kwenye pembe mbaya kabisa. Kukata usukani wote, loki ya mbele imefungwa, halafu kukanyaga mafuta ukiwa umebanwa na jiwe, ni kuomba kadi nyekundu.

SIO KILA EKSELI NI SAWA

Hapa shabiki anatakiwa asome kikosi vizuri. Defender 110 za zamani zilikuja na ekseli ya nyuma aina ya Salisbury, beki la shoka ambalo mafundi wengi bado wanaliheshimu. Defender 90 ilikuwa na difu dogo la Rover nyuma, na vigia vyake vya ndani vinajulikana kwa kuchoka vikipewa mzigo. Kuna hafu shafti za zamani zenye meno 10 na za baadaye zenye meno 24. Magari yanafanana kwa nje, magoti ni tofauti.

Kitu cha pili ni jinsi gurudumu linavyobebwa. Kwenye Defender, na kwenye Land Cruiser nyingi za kazi nzito, uzito wa gari unabebwa na habu lililokaa juu ya bomba la ekseli. Shafti ipo ndani kwa kazi ya kuzungusha tu. Ikivunjika nyuma, fundi anafungua bolti chache, anachomoa vipande, anaweka nyingine au anaendelea taratibu kwa kuvuta na mbele. Tairi halitoki.

Kwenye magari mengine, Suzuki Jimny ikiwemo, shafti ya nyuma inazungusha na pia inabeba uzito. Ikikatika sehemu mbaya, gurudumu linaweza kuondoka nayo. Mwenye gari la aina hiyo akitaka tairi kubwa awe na nidhamu mara mbili.

Wapo wanaosema: basi tuweke shafti ngumu, ishu imekwisha. Haijaisha, imehama. Ukiimarisha shafti, kinachofuata kwa udhaifu ni gia za ndani ya difu, krauni na pinioni. Na hapo bora shafti ivunjike. Shafti inabadilishwa porini kwa spana na jasho. Krauni na pinioni zinataka meza safi, vipimo vya hali ya juu na fundi asiye na haraka. Kuna timu zinazobeba shafti za akiba na kuziacha makusudi ziwe ndizo dhaifu, kama fyuzi ya umeme, ili kinachouma kiwe cha bei nafuu.

GIA NAZO ZINALIA

Tairi kubwa linaiba nguvu kwa njia nyingine. Kila mzunguko mmoja wa shafti sasa unasukuma gari mbali zaidi, ni kama vile gia zote zimepandishwa juu kidogo. Defender ina uwiano wa 3.54 kwenye difu. Ukivaa tairi la inchi 35, inatembea kana kwamba ina 3.21. Kwenye mlima gari linazimika, dereva anacheza na klachi, na klachi inaanza kunuka.

Dawa yake ni kubadilisha krauni na pinioni ziwe za uwiano mkubwa, karibu na 4.1 kwa mfano huu. Gari linarudi kwenye pumzi yake na linatambaa polepole bila kuruka ruka, jambo ambalo lenyewe linaokoa shafti. Lakini kuna masharti mawili. La kwanza, ekseli zote mbili zibadilishwe. Ukibadilisha nyuma ukaacha mbele, zitavutana kama wachezaji wawili wanaogombea penalti, na kitakachovunjika hakitachelewa. La pili, uwiano ukizidi kukua, pinioni inazidi kuwa ndogo, na gia ndogo ina nguvu ndogo.

Viwanda vyenyewe vimeonyesha njia. Jeep ilipotoa Wrangler Rubicon yenye tairi za inchi 35 kutoka kiwandani, kwenye kifurushi cha Xtreme Recon, haikubandika tairi tu na kupiga picha. Uwiano wa ekseli ulitoka 4.10 ya Rubicon ya kawaida kwenda 4.56, na gari likainuliwa. Kama wenye kiwanda wameona straika mpya anahitaji kiungo mpya, anayefungia tairi chini ya mwembe ajiulize mara mbili.

KESHO YAKE NI BARABARANI

Mashindano ni siku moja. Jumatatu gari hilo hilo linarudi mjini, na hapa hatari inatoka kwenye aibu inakwenda kwenye uhai.

Breki zinaathirika kama shafti, kwa hesabu ile ile ya mpini. Tairi likirefuka kwa asilimia 10, breki zinahitaji nguvu zaidi kwa kiasi hicho kusimamisha gari lile lile. Tairi lenyewe ni zito zaidi, na uzito wake umekaa mbali na katikati, hivyo ni gumu kuanza kuzunguka na gumu kusimama. Dereva aliyezoea kusimama mahali fulani anakuta amepapita.

Spidi nayo inadanganya. Dashibodi ikisoma 100, gari lipo 110. Mjini ukiona 50, tochi ya trafiki inaona 55, na hakuna faini inayofutwa kwa kumweleza askari habari za inchi 35.

Halafu kuna suala la rimu. Tairi pana likigusa springi au madigadi wakati wa kukata kona, wengi wanakimbilia rimu zinazotokeza nje, au vyuma vya kusogeza gurudumu. Gari linapendeza kweli. Lakini kila sentimita inayotoka nje inaongeza mkwamo kwenye beringi na kwenye viungo vya usukani. Beringi iliyotengenezwa kubeba mzigo karibu sasa inaubeba kwa mkono ulionyooka. Baada ya muda inaanza kulia.

Na spea isisahaulike. Tairi la akiba lazima liwe la kimo hicho hicho, la sivyo pancha moja inaweka ekseli kwenye vita ya kushoto na kulia. Tairi hilo zito linatundikwa kwenye mlango wa nyuma ambao bawaba zake ni za tairi dogo.

MPIRA WA AKILI

Je, timu yenye ekseli za kiwandani isiguse tairi kabisa? Hapana. Kinachotakiwa ni kucheza kulingana na kikosi.

Njia ya kwanza ni kupanda hatua moja tu. Tairi la inchi 33 lina milimita 838. Difu linapanda sentimita moja na nusu hivi, mpini unarefuka kwa asilimia 4, gia hazilii sana na mara nyingi madigadi hayaguswi. Si la kutamba nalo mtaani, lakini linafika jioni.

Njia ya pili ni ya bure: upepo. Tairi lililojazwa kwa ajili ya lami likipunguzwa hadi psi 18 au 20 porini, linalala, nyayo yake inarefuka, na linakumbatia jiwe badala ya kulipiga teke. Linashika bila kuruka. Tahadhari zake zipo: ubavu uliolala unakutana na visiki na miiba ya migunga, tairi likiachwa na upepo mdogo kupita kiasi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na kabla ya kurudi barabarani ni lazima lijazwe. Pampu ndogo ya umeme inamaliza kazi.

Njia ya tatu ni winchi. Timu inayofunga kamba mapema kwenye mti au mwamba na kuvutwa taratibu inapoteza dakika kadhaa. Timu inayojaribu mara ya tano kwa kukanyaga mafuta inapoteza shafti. Kwenye mchezo unaopima umbali na sio kasi, dakika ni mali unayoweza kuitumia. Shafti sio.

Njia ya nne ni mguu wa dereva. Gari likianza kuruka, mguu utoke. Usukani ukiwa umekatwa mwisho, mafuta yapungue. Difu loki ifungwe kabla ya kizuizi, sio wakati tairi linazunguka, na ifunguliwe baada ya kupita. Hakuna duka linalouza hiki kipaji, na ndicho kinachotenganisha timu mbili zenye gari moja, tairi moja na ekseli moja.

Kwa anayeng'ang'ania inchi 35 kwenye ekseli za kiwandani, orodha ya usajili inajulikana: gia za difu mbele na nyuma, breki zikaguliwe na kuongezewa nguvu, beringi na viungo vya usukani viwe vipya, shafti za akiba ziwemo ndani ya gari pamoja na spana zake, na angalau mtu mmoja kwenye timu awe ameshaibadilisha moja kwa mikono yake kabla ya siku yenyewe. Ukijumlisha gharama hizo, tairi lenyewe linakuwa sehemu ndogo ya bili. Anayenunua tairi tu amenunua straika akasahau kwamba mpira lazima umfikie.

Turudi kwa ile Defender 110. Saa tisa alasiri, vituo tisa vimeshapitwa, vimebaki vinne. Mbele kuna korongo lenye ukuta wa mawe. Mkimbiaji anapunga mkono kutoka ng'ambo: njia ipo, lakini ni kali. Kuzunguka ni kilomita tatu, na kilomita tatu zinaua nafasi ya ushindi. Tairi zinatamani, na kila mtazamaji aliyekaa juu ya jiwe anasubiri kelele.

Dereva mwenye inchi 33, upepo umepungua, winchi tayari mkononi, atapanda bila kushangiliwa sana. Mwenye inchi 35 asiyegusa kitu kingine atashangiliwa mpaka katikati ya ukuta. Kinachofuata kinategemea fimbo moja ya chuma ambayo hakuna shabiki aliyewahi kuiona, na ambayo yeye mwenyewe hakuifungua hata siku moja kuiangalia.